Mashine Iko Chini, Mtikisiko Uko Ghorofa ya Tatu

Unga Limited na Ngarenaro mjini Arusha, hata Majengo ya Moshi, nyumba nyingi za ghorofa zina mpangilio uleule: chini fremu za biashara, juu wapangaji. Fremu moja ikifungwa mashine ya kusaga, malalamiko hayachelewi, na mara nyingi hayaanzi kwa jirani wa ukutani. Anayelalamika kwanza ni aliye ghorofa ya tatu, ambaye vikombe vyake vinagongana kabatini kila mashine inapowashwa. Mwenye mashine naye huambiwa mambo matatu: kaza bolti zaidi, nenepesha ukuta, tandika raba ya tairi chakavu chini ya fremu ya mashine. La kwanza halizuii kitu. La pili linaziba njia ambayo mtetemo haupiti. La tatu, likifanywa bila kupima, linaweza kuzidisha mtikisiko mara tano.

Ili kuelewa sababu, inabidi tufuatilie mtetemo kuanzia kwenye nyundo za mashine, yaani vyuma vinavyozunguka ndani yake na kuponda nafaka, hadi kwenye kabati la vikombe.

Njia ya hewa na njia ya zege

Sauti ni mtetemo unaosafiri. Husafiri ndani ya kitu chochote chenye mnyumbuko, yaani kinachorudi kwenye umbo lake baada ya kusukumwa. Zege, chuma, mbao na tofali vyote vina tabia hiyo. Hewani, kwenye nyuzi joto 20, sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Ndani ya zege huenda mita 3,500 hadi 4,500, na ndani ya pande la chuma hufika karibu 5,900. Vinavyoamua mwendo huo ni ugumu wa kitu na uzito wake kwa kila mita ya ujazo. Uzito huuchelewesha, ugumu huuharakisha. Chuma ni kizito sana, lakini ugumu wake unaushinda uzito huo kwa mbali.

Sasa zidisha uzito wa mita moja ya ujazo kwa mwendo wa sauti ndani ya kitu hicho. Jibu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kutikiswa. Hapa tutakiita ukinzani wa wimbi. Zege ni 2,400 mara 3,500, yaani milioni 8.4. Chuma ni 7,850 mara 5,900, milioni 46. Hewa ya Arusha, iliyo nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni kama 350 tu.

Vitu viwili vyenye ukinzani tofauti mno vinapokutana, wimbi hugonga mpaka wao na kurudi lilikotoka. Kelele ya mashine inayogonga ukuta wa zege kupitia hewani huingiza ndani ya zege chini ya sehemu 2 kati ya 10,000 za nishati yake. Lakini wimbi likiwa ndani ya chuma kilichofungwa moja kwa moja kwenye zege, zaidi ya nusu ya nishati yake huvuka. Tofauti ni ya maelfu, si ya asilimia chache. Kwa hiyo ukuta mnene humsaidia jirani anayesikia kelele kupitia dirishani au ukutani, ila kwa mpangaji wa ghorofa ya tatu haufanyi kitu, kwa sababu mtetemo wake haukupita hewani. Ulipanda kwenye nguzo. Na bolti iliyokazwa sana ndiyo inayofanya chuma na zege kuwa kitu kimoja.

Mawimbi ya aina tatu, na moja ndilo lenye kelele

Ndani ya kitu kigumu mna mawimbi ambayo hewa haiwezi kuyabeba. Hewa hubeba la mgandamizo tu, linalosukuma na kuvuta kuelekea linakokwenda. Kitu kigumu hubeba pia wimbi la mkato, ambalo chembe zake hucheza kushoto na kulia huku wimbi likisonga mbele. Hili ni la polepole zaidi, katika chuma mita 3,200 hivi kwa sekunde.

Wakazi wa Arusha wanaokumbuka tetemeko la tarehe 17 Julai 2007, lililotokea upande wa Gelai na Ziwa Natron likiwa na ukubwa wa 5.9, waliguswa na mawimbi hayo yote mawili. Katika miamba ya chini, la mgandamizo huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde na la mkato kilomita 3.5. La kwanza hufika kama mshtuko mfupi, la pili hufuata na kuyumbisha kwa nguvu zaidi. Kila sekunde moja kati ya mishtuko hiyo miwili ni kama kilomita 8 za umbali, kwa hiyo anayehesabu sekunde 10 yuko takriban kilomita 80 kutoka kwenye chanzo. Hesabu hiyo inafaa kwa tetemeko lolote la jirani.

Ndani ya jengo, hata hivyo, linalosumbua zaidi ni wimbi la tatu: la kupinda. Slabu na kuta ni vitu vyembamba ukilinganisha na upana wake, na kitu chembamba hupinda kirahisi kuliko kinavyobanwa. Wimbi la kupinda lina tabia ya pekee: mwendo wake haudumu mmoja. Kadiri masafa yanavyopanda, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde inayopimwa kwa hezi (Hz), ndivyo linavyokwenda kasi. Katika slabu ya zege yenye unene wa sentimita 15, mtetemo wa 24 Hz husafiri karibu mita 150 kwa sekunde, na wa 193 Hz husafiri zaidi ya mita 420.

Hapo ndipo kuna siri ya kelele. Wimbi la kupinda likiwa la polepole kuliko sauti ya hewani, hewa iliyo juu ya slabu hupata muda wa kukwepa kutoka panapoinuka kwenda panapobonyea, na sauti kidogo sana hutoka. Likiwa la haraka kuliko mita 343, hewa haina pa kukimbilia na slabu nzima hugeuka spika. Kwa zege la sentimita 15 mpaka huo uko kwenye 124 Hz hivi. Ndiyo maana mpangaji mmoja huyohuyo hueleza mambo mawili tofauti: mtikisiko anaouhisi miguuni, ambao ni mitetemo ya chini ya mpaka, na mngurumo anaousikia, ambao ni ya juu yake. Bati la chuma la milimita 2 linalofunika mashine lina mpaka wake juu kabisa, karibu 6,300 Hz. Kulinenepesha hakupunguzi mngurumo wa 193 Hz unaotoka kwenye slabu iliyoko ghorofa tatu juu.

Gramu 50 zinazopiga kama kilo 94

Tuchukue mashine ya kawaida. Mota ya kilowati 15 inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Mwendo huo unatokana na umeme wetu wa 50 Hz na ncha nne za sumaku za mota ya namna hii. Puli ya mota ina kipenyo cha milimita 200, ya mashine milimita 100, kwa hiyo shafti yenye nyundo inazunguka mara 2,900 kwa dakika. Gawanya kwa 60: mota inatikisa kwa 24 Hz, shafti kwa 48 Hz. Nyundo zikiwa zimepangwa kwenye pini nne, unga hupigwa mara nne kila mzunguko, na hiyo ndiyo 193 Hz.

Nyundo zikiwa na uzito sawa pande zote, nguvu zinazovuta nje hufutana. Zisipokuwa sawa, tofauti inabaki ikizunguka. Nguvu yake ni uzito uliozidi, mara umbali wake kutoka katikati ya shafti, mara kasi ya mzunguko iliyozidishwa kwa yenyewe. Seti moja ikilika kuliko nyingine kwa gramu 50, umbali ukiwa sentimita 20, mashine inavutwa kwa nguvu ya nyutoni 922. Hiyo ni sawa na kilo 94 zinazobadilisha upande mara 48 kila sekunde. Nyundo ya gramu 300 ikikatika na kazi ikaendelea kwa kuwa foleni ya wateja ni ndefu, nguvu inafika sawa na kilo 564. Beringi haidumu hapo, na bolti za msingi huanza kutafuna zege.

Kwa hiyo dawa ya kwanza, na ya bei nafuu kuliko zote, iko kwenye mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Pima kila nyundo. Panga zinazolingana zikabiliane kwenye pini zinazotazamana. Jumla ya pini moja na ya iliyo mkabala zisipishane zaidi ya gramu 5. Tofauti hiyo tu tayari ni kilo 9 za mvuto. Nyundo ikikatika, usibadilishe moja peke yake: mpya iliyo nzito ikikabiliana na kuukuu iliyolika hurudisha tatizo lilelile. Badilisha na ya mkabala wake. Mara nyingi kazi hii peke yake hupunguza malalamiko, na inashangaza jinsi inavyorukwa ili watu wakanunue raba.

Kwa nini sebule na si chumba cha kulala

Kila kitu chenye uzito na mnyumbuko kina masafa yake ya asili, yale ambayo hutetemeka kwayo ukikigonga na kukiacha. Kikisukumwa kwa masafa mengine hutikisika kidogo. Kikisukumwa kwa masafa yake hasa, kila msukumo unaikuta ile iliyotangulia bado hai na kuiongezea, na kitu hicho huitikia kwa mtikisiko mkubwa mara nyingi kuliko nguvu iliyoufanya.

Slabu ya chumba inahesabika. Chukua 0.45, zidisha kwa mwendo wa wimbi ndani ya zege (hapa 3,500), zidisha kwa unene kwa mita. Kisha zidisha kwa jumla ya vitu viwili: moja gawanya kwa urefu ulioupiga kwa wenyewe, na moja gawanya kwa upana ulioupiga kwa wenyewe. Slabu ya sentimita 15, kingo zake zikiwa zimekaa tu juu ya kuta, katika sebule ya mita 4 kwa 5 inatoa 24 Hz. Hayo ni masafa ya mota kamili. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 kinatoa 41 Hz, ambayo haiko kwenye 24 wala kwenye 48. Mashine ileile, ukuta uleule: sebule inatikisika, chumba kimetulia.

Nyumba halisi hazifuati hesabu kwa usahihi huo. Kingo zilizoshikwa na boriti hupandisha masafa, na nyufa pamoja na zege hafifu huyashusha. Lakini mantiki haibadiliki, na inaeleza kwa nini ghorofa ya pili inaweza kuwa shwari huku ya tatu ikilia. Zege hula nishati kidogo sana ya mtetemo njiani, kwa hiyo mtetemo hufika popote. Kama utahisiwa au la hutegemea ikiwa chumba unapofika kitauitikia.

Hofu ya jengo kupasuka nayo iwekwe mahali pake. Mtu huanza kuhisi sakafu ikitetemeka kwa kasi ya milimita 0.15 hadi 0.3 kwa sekunde. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150 kinaitaja milimita 5 kwa sekunde kwa nyumba za kuishi kama mpaka wa kuanza kuhofia nyufa za plasta. Yaani mtetemo unaomkosesha mtu usingizi unaweza kuwa mdogo mara kumi na tano na zaidi kuliko unaopasua ukuta. Hilo halimpi mwenye mashine ruhusa: kanuni za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinashughulikia kelele na mitetemo kwa pamoja, na usingizi wa mtu ni sababu tosha.

Kitanda laini, na jinsi ya kukipima kwa rula

Baada ya kusawazisha nyundo, kinachobaki ni kuitenga mashine na jengo. Hapa watu wengi hufikiri kinyume. Wanatafuta kitu kigumu cha kuishikilia mashine isicheze, wakati inatakiwa iachwe icheze kidogo juu ya kitu laini, ili nguvu yake itumike kuusukuma uzito wake yenyewe badala ya kuusukuma msingi.

Ulaini unaotosha unaonekana kwa macho: ni kiasi ambacho raba au springi inabonyea mashine inapowekwa juu yake. Masafa ya asili ya mashine juu ya kitanda chake ni 15.8 gawanya kwa kipeuo cha pili cha mbonyeo huo kwa milimita. Ikibonyea milimita 1, ni 15.8 Hz. Milimita 4, ni 7.9. Milimita 10, ni 5. Milimita 25, ni 3.2. Uzito wa mashine hauulizwi tena, kwa kuwa umo ndani ya mbonyeo.

Kisha gawanya masafa ya mashine kwa masafa ya kitanda, piga jibu kwa lenyewe, toa moja. Gawanya moja kwa ulichopata: hiyo ndiyo sehemu ya nguvu inayopenya kwenda kwenye jengo. Kwa 24 Hz juu ya raba iliyobonyea milimita 4, kinachopenya ni asilimia 12. Juu ya springi iliyobonyea milimita 25, ni chini ya asilimia 2. Juu ya raba iliyobonyea milimita 1 ni asilimia 76, maana yake umetumia pesa bila faida. Na juu ya kipande kigumu cha tairi kilichobonyea nusu milimita, kitanda kina masafa ya 22 Hz, karibu sawa na mota. Hapo nguvu inayopenya ni kama mara tano ya ile ya mwanzo, hata ukizingatia nishati ambayo raba inameza. Mashine iliyofungwa kwenye zege bila kitu ilikuwa afadhali. Ikumbukwe tu kwamba fomula hii ya kugawanya inafaa pale masafa ya mashine yanapozidi ya kitanda kwa mara 1.4 au zaidi. Chini ya hapo hakuna kutenga, kuna kuzidisha.

Kupima ni rahisi. Tuseme mashine, mota na fremu ni kilo 300, na chini yake umemwaga pande la zege la mita 1.5 kwa 1.1 lenye unene wa sentimita 15, ambalo lina kilo 600 hivi. Jumla kilo 900. Ukiweka vikalio sita, yaani springi au raba za kulibeba pande hilo, kila kimoja kinabeba kilo 150, ambazo ni mifuko mitatu ya saruji. Weka springi moja sakafuni na ubao juu yake, pima urefu, pandisha mifuko mitatu, pima tena. Tofauti ndiyo mbonyeo. Fanya hivyo kwa kila kikalio kabla ya kukifunga, kwa sababu springi zilizotoka kwenye magari tofauti hazifanani hata zikiwa na sura moja, na mashine iliyoinama upande mmoja huvuta mkanda vibaya.

Pande la zege lenyewe halipunguzi sana nguvu inayopenya. Mbonyeo ukibaki uleule, hesabu ni ileile. Kazi yake ni kupunguza mchezo wa mashine. Nyundo moja ikikatika, mashine ya kilo 300 itacheza milimita 0.2 kila upande. Ikiwa kilo 900, itacheza chini ya 0.07. Pia linaunganisha mota na mashine kuwa mwili mmoja, puli zisipishane.

Tahadhari moja si ya kupuuza. Kilo 900 juu ya pande hilo ni zaidi ya kilo 540 kwa mita ya mraba, wakati sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200. Chini, juu ya ardhi, hakuna shida. Kwenye slabu ya juu usifanye bila mhandisi wa majengo kukagua nondo na boriti.

Raba au springi

Raba inafaa mbonyeo wa hadi milimita 10 hivi, na ina faida ya kumeza nishati. Mashine inapowashwa na kuzimwa, mzunguko wake lazima upite kwenye masafa ya kitanda, na kwa sekunde chache itayumba. Raba huituliza. Springi ya chuma haimezi karibu chochote, kwa hiyo huyumba zaidi. Mafundi wazuri huweka springi na kipande cha raba chini yake, ambacho pia huzuia mitetemo ya masafa ya juu isiteremke kupitia waya wa springi.

Kuna mambo mawili ambayo rula haiyaonyeshi. Raba inayotetemeka huwa ngumu kuliko raba iliyotulia, hasa iliyo nyeusi na ngumu, kwa hiyo masafa halisi huwa juu ya yale ya hesabu; jipe nafasi. Pili, raba haibanwi kwa ujazo, hutanuka pembeni. Ukiifungia kwenye kikombe cha chuma kinachoizunguka kabisa, haina pa kutanuka na inakuwa kama chuma. Vivyo hivyo mauntingi ya injini ya gari iliyobebeshwa mzigo kuliko wake: hubonyea hadi kwenye kizuizi chake na kuacha kufanya kazi. Dizeli na oili huvimbisha raba ya asili na kuilegeza, jua huikausha na kuipasua. Kwa jenereta tumia neopreni, raba ya viwandani inayostahimili mafuta kuliko ya asili.

Mkanda unaleta mtego wake. Kwa puli ya milimita 200, mkanda hukimbia karibu mita 15 kwa sekunde. Ukiwa na urefu wa mita 2.5, unakamilisha mzunguko mara 6 kwa sekunde. Mkanda wenye uvimbe au uliolika sehemu moja hutikisa kwa 6 Hz, na hizo ni jirani kabisa na raba iliyobonyea milimita 10, yenye 5 Hz. Mashine itaanza kuyumba kama mtumbwi ingawa 24 Hz imekatwa vizuri. Badilisha mkanda, au teremka hadi springi ya milimita 25.

Madaraja yanayoharibu kazi yote

Mashine inaweza kukaa juu ya springi bora, na bado mpangaji asione tofauti, kwa sababu mtetemo umepata daraja lingine. La kawaida zaidi ni bolti inayopita katikati ya raba na kukazwa kwa wosha ya chuma juu na zege chini: raba imebanwa, na njia ya chuma kwa zege iko wazi. Bolti ivae bushi ya raba, wosha ikae juu ya raba, nati ikazwe hadi iguse tu kisha ifungwe kwa nati ya pili. Bomba la moshi la jenereta lililojengewa ukutani ni daraja. Linahitaji kipande cha bomba chenye mikunjo kabla ya ukuta, na tundu la ukutani liwe pana kuliko bomba. Paipu ya umeme ya chuma ni daraja. Mita ya mwisho iwe laini na ining'inie kidogo. Bomba la pampu la plastiki gumu, likifungwa ukutani kwa klampu kila hatua, hubeba mtetemo hadi kwenye tangi juu ya paa.

Kisha kuna daraja linalojijenga lenyewe: pumba na unga. Vinajaa chini ya pande la zege, vinapata unyevu, vinashindiliwa, na baada ya muda springi hazibebi tena kitu. Acha nafasi ya sentimita 5 chini, na ifagiliwe.

Kuhusu mtaro wa kuchimba kuzunguka mashine ili mtetemo usipite ardhini: msingi unaotetemeka kwenda juu na chini hupeleka karibu theluthi mbili ya nishati yake kwa mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi, yale ambayo mwanafizikia Mwingereza Rayleigh aliyaeleza mwaka 1885. Mtaro huyazuia ikiwa tu kina chake ni kama 0.6 ya urefu wa wimbi. Udongo laini wenye mwendo wa mita 200 kwa sekunde, kwa 24 Hz, una wimbi la mita 8. Mtaro unaotakiwa ni wa mita 5 kwenda chini. Ule wa mita moja ni wa kupitisha maji ya mvua tu.

Kusikiliza kabla ya kugusa

Simu nyingi zina kihisi cha mtikisiko, na zipo programu za fizikia za bure zinazochora masafa. Laza simu sakafuni, si juu ya zulia, iache sekunde 20 bila kuigusa. Angalia kwanza simu inasoma mara ngapi kwa sekunde: inayosoma mara 100 haiwezi kuonyesha zaidi ya 50 Hz, na mtetemo ulio juu ya hapo utajitokeza kwenye namba ya uongo. Ukiona 48, rudi kwenye mizani ya nyundo. Ukiona 24, kagua mota na puli yake. Ukiona 6 au 12, ni mkanda. Ukiona mara mbili ya mzunguko wa shafti, puli hazijanyooka au beringi imelegea.

Kisha zima umeme huku simu ikiendelea kurekodi. Mtetemo ukikatika papo hapo, kabla shafti haijapunguza mwendo, ulikuwa wa umeme wa mota, na kawaida utaona 100 Hz. Ukififia taratibu pamoja na mzunguko, ni uzito usiolingana. Lakini mashine ikizidi kutikisika kwa sekunde moja au mbili wakati inapunguza mwendo, kisha ikatulia, imepita kwenye masafa ya asili ya kitanda chake au ya slabu. Soma namba iliyokuwa kwenye mchoro wakati huo, na uilinganishe na 15.8 gawanya kwa kipeuo cha mbonyeo uliopima kwa mifuko ya saruji. Zikikaribiana, ni kitanda. Zikiachana mbali, aidha kuna daraja ambalo hujaliona, au ni slabu inayoitikia, na hapo ndipo anapoitwa mhandisi.